Jumapili ya Mtaa wa Congo

Siku Sitara Bakili alipokutana na Azzam, ilikuwa wiki moja kabla ya Idi na Kariakoo hakukuwa na pa kuweka mguu. Mtaa wa Tandamti wachuuzi walikuwa wametandika mali mpaka katikati ya barabara, vipaza sauti vinashindana kutaja bei, wabeba mizigo wanapita kwa fujo wakipiga kelele, "Pisha! Pisha! Mguu huo!" Sitara alivaa gauni la kijani la mikono mirefu, mtandio wa rangi ya maziwa, na raba nyeupe ambazo kufikia saa tano zilikuwa zimeshakanyagwa mpaka hazijulikani zilikuwa rangi gani. Alikuwa anatafuta kitu kimoja tu: kitambaa cheusi, kizito, kisichopitisha mwanga, cha madirisha ya chumba cha kupimia macho kwenye kliniki alikokuwa akifanya kazi, kule Mchafukoge. Alishaingia maduka sita. Kila duka waliapa chao hakipitishi kitu, na kila alipokiinua juani aliliona jua.

Duka la saba lilikuwa la mapazia, mali ya ndugu wawili wenye asili ya Kiarabu ambao babu yao ndiye aliyelifungua. Saif, mkubwa, alikuwa kwenye simu akigombana na mtu wa bandarini. Mdogo, Azzam, kijana mrefu wa miaka ishirini na tisa mwenye shati la drafti lililokunjwa mikono, alishuka kwenye ngazi na jora begani.

"Hiki hapa, dada. Hata jua la saa saba linabisha hodi, haliingii."

"Wote wamesema hivyohivyo."

"Hao wote si mimi." Akavuta mita mbili, akajifunika kitambaa kichwani, akasimama mlangoni pa duka kama mzimu. Wapita njia wakaanza kucheka. "Haya, niulize unachotaka."

Sitara, ambaye kutwa nzima kazi yake ni kuwauliza watu wanaona nini, alishindwa kujizuia. "Nimenyoosha vidole vingapi?"

"Vitatu."

"Sikunyoosha hata kimoja."

"Sasa si umeona mwenyewe? Kitambaa kizuri!"

Sitara alicheka mpaka akaegemea mlango. Alinunua mita kumi na mbili, akaacha namba yake ya simu ili aambiwe zikija rangi nyingine. Rangi nyingine hazikuja. Kilichokuja, jioni ile ile, ni ujumbe: "Dada wa vidole, madirisha yanasemaje?"

"Yanasema giza."

"Na mwenye madirisha?"

"Yuko kazini."

"Kazi inaisha saa ngapi?"

Hivyo ndivyo yalivyoanza, na miezi saba ilipita mbio. Lakini yalikuwa mapenzi ya simu kuliko ya kuonana. Azzam alikuwa na maneno matamu, na Sitara alikuwa na majibu.

"Umeshakula, mpenzi?"

"Bado. Nina mgonjwa hapa."

"Mwambie asubiri, kuna mwenzake ana hali mbaya zaidi."

"Anaumwa nini?"

"Alikuona Jumanne, leo Ijumaa."

"Huo hatutibu sisi. Nenda hospitali ya rufaa."

Simu ikikatwa, Sitara alibaki anatabasamu peke yake. Tatizo lilikuwa siku ya kuonana. Mara ya kwanza walipanga kwenda ufukweni Coco, Azzam akachelewa saa nzima na nusu kwa sababu alikuwa na funguo za stoo. Mara ya pili walikaa kula aiskrimu Mtaa wa India. Haijaanza kuyeyuka, Saif akapiga: mzigo umefika, njoo. Na katika miezi yote hiyo Azzam hakuwahi kufika kwao Sitara, Buguruni, wala Sitara hakuwahi kupandishwa ngazi za kwao Azzam. Kila alipogusia, Azzam alimjibu kwa upole, "Tulia, laazizi. Mambo mazuri hayataki pupa." Sitara akatulia. Alitulia mpaka akaanza kuchoka kutulia.

Kisha ikaja barua. Hospitali moja ya Dodoma ilimtaka akasimamie kitengo cha macho, mkataba wa miaka miwili, na ilitaka jibu kabla ya Jumatatu saa sita mchana. Sitara aliikunja, akaitia mkobani. Alitaka kumwambia Azzam ana kwa ana. Jambo kama lile hutaki kulisema katikati ya "halo, halo, unanisikia?"

Alhamisi usiku Azzam mwenyewe akamrahisishia. "Jumapili tukatembee tu. Mtaa wa Congo, wa Sikukuu, tule, tuangalie watu, bila haraka yoyote. Duka tunafunga saa sita."

"Na simu?"

"Nitaiweka mfukoni."

"Nimesema uizime, sikuuliza utaiweka wapi."

Azzam akacheka. "Nitaizima, mama. Umeshinda."

*

Jumapili Sitara alivaa abaya ya bluu bahari yenye ushanga mwembamba kwenye ncha za mikono, mtandio wa rangi ya udongo, na wanja aliokuwa amejifunza kupaka vizuri siku za karibuni. Azzam alimkuta kwenye kona ya Msimbazi akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama, anatoa harufu ya udi kwa mbali. Alimtazama Sitara kuanzia kichwani mpaka viatuni, akashika kifua.

"Mtu kama wewe anatembeaje Kariakoo bila askari?"

"Askari nimemkodi. Kachelewa dakika kumi."

Wakaingia Mtaa wa Congo. Kweli watu walikuwa wengi, lakini ulikuwa umati wa Jumapili, wa watu wanaotazama kuliko kununua. Walikunywa juisi ya miwa yenye tangawizi, wakamcheka mchuuzi aliyekuwa amevaa sidiria juu ya fulana ili kuonyesha mali. Azzam alimnunulia pini za mtandio bila kuombwa, akachagua mwenyewe, na alichagua vizuri. Upepo kidogo ulikuwa unapita kati ya maghorofa. Sitara akaona huu ndio wakati.

"Azzam, kuna jambo nataka nikwambie."

"Niambie, roho yangu."

Mfukoni mwa Azzam kitu kikatetemeka. Azzam akakunja uso kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. "Niliitoa sauti tu. Sekunde moja. Saif huyu... Ndiyo, kaka. Funguo zipo kwenye droo ya chini. Ya chini! Kushoto. Kushoto kwako wewe, si kushoto kwangu."

Sekunde moja ikawa dakika nane. Alipomaliza alisema samahani, akauliza, "Ulikuwa unasema?" Lakini walikuwa wamefika mbele ya meza ya viatu, muuzaji ameshamkalisha Sitara kwenye stuli na kumvalisha kandambili za shanga, na jambo la Dodoma haliwezi kusemwa na mguu wako uko mkononi mwa mtu baki.

Alijaribu tena waliposogea kivulini. "Ni kuhusu kazi yangu. Wiki iliyopita nilipata..."

"Azzam! Azzam wa mapazia!" Jitu moja nene lilikuwa linapasua umati mikono juu. Alikuwa Heriel, mteja wa jumla kutoka Moshi, amemaliza kujenga ukumbi wa harusi na hajapata mapazia. Alitoa simu, akaanza kuonyesha picha za madirisha. Madirisha yalikuwa mengi. Azzam angeweza kusema, "Kesho, kaka, leo nina mgeni." Hakusema. Alisimama katikati ya mtaa akieleza tofauti ya kitambaa kinachoanguka vizuri na kinachovimba, na Sitara akasimama pembeni akisukumwa mabega na kila anayepita, nusu saa nzima, anasoma maandishi kwenye mifuko ya watu.

"Umenuna?" Azzam aliuliza Heriel alipoondoka.

"Sijanuna."

"Umenuna. Pua inakuwa kubwa ukinuna."

"Azzam, nisikilize basi..."

"Pishaaa!" Mkokoteni wa mabati ukapita katikati yao, huyu akarukia upande huu na yule upande ule. Ulipopita, Azzam alivuka haraka, akamshika kiwiko, akamchukulia mkoba na kuutundika begani mwake mwenyewe. "Hapa wapo vibaka. Nipe mimi, wewe tembea ukijinafasi." Alitembea hivyo bila aibu, shati jeupe na mkoba mwekundu wa kike, na Sitara kwa mara ya kwanza saa ile akasikia moyo unalegea. Barua ilikuwa humo humo mkobani, inaning'inia ubavuni kwa mtu wake. Wakakata kona kuingia Sikukuu.

"Kesho kabla ya saa sita," alianza upya, "natakiwa nitoe jibu la..."

"Shangazi," Azzam akanong'ona.

Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama mbele yao, buibui jeusi jipya, bangili za dhahabu mpaka karibu na kiwiko, manukato yake yamemtangulia hatua tatu. Alikuwa Shangazi Mauza, dada wa marehemu baba yake Azzam, mtu ambaye katika ukoo ule akikohoa watu hukaa sawa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Na mwenzio?"

"Shikamoo," Sitara alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nani huyu, Azzam?"

Swali lilikuwa dogo. Shangazi Mauza alisubiri jibu, na Sitara pia alilisubiri, na kwa jinsi alivyokuwa amesubiri miezi saba, sekunde zile mbili tatu zilimtosha kuona mengi.

"Huyu... ni mteja wetu, shangazi. Wa mapazia. Alikuwa anaulizia neti."

"Mteja," Shangazi Mauza alisema. Aliutazama mkoba mwekundu, akamtazama Sitara, akamtazama Azzam tena, muda mrefu kidogo. "Haya. Msalimie Saif." Akaenda zake.

Sitara alinyoosha mkono. "Nipe mkoba wangu."

"Sitara, ngoja nikueleze."

"Mteja haelezwi. Mteja hupewa mzigo wake akaondoka."

"Pale barabarani, shangazi yangu amenishtukiza, ulitaka niseme nini?"

"Nina jina." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha Azzam. "Hata rafiki ungeniita, ningenyamaza. Hata jirani."

Alichukua mkoba akageuka. Azzam akapiga hatua kumfuata, na simu ikatetemeka tena mfukoni. Hakuipokea. Aliitoa tu, akaangalia ni nani, jicho moja tu kwenye kioo. Alipoinua uso, mtandio wa rangi ya udongo ulishapotea kwenye umati, na mtaa ulikuwa umejaa mitandio.

*

Jioni ile, kabla ya adhana ya magharibi, Sitara aliketi kitandani Buguruni akaandika jibu la Dodoma mistari minne. Alisema anakubali. Alilituma, akaweka simu kifudifudi. Simu ikaita mara kumi na tisa.

Ya ishirini akaipokea. "Nini?"

"Sitara, unakuza jambo dogo."

"Kama ni dogo mbona lilikushinda kusema?"

"Hujui familia yangu ilivyo."

"Sijui, kweli. Nitaijuaje, na mimi mteja?" Akakata.

Azzam naye alikasirika. Siku mbili nzima alijiambia kwamba amekosea kidogo na anaadhibiwa sana. Alimfokea dalali, akamjibu vibaya mama mmoja wa Tabata, akakata pazia la mteja likawa fupi kwa shibiri mbili. Saif akamwuliza kama ana homa. Jumatano asubuhi akavua tepu ya kupimia shingoni, akatembea kwa miguu mpaka Mchafukoge.

Mapokezi alikuwepo Ummy, rafiki wa Sitara, anayejua kila kitu na asiyeficha kwamba anajua.

"Namba yako kumi na moja. Kaa."

"Sijaja kupimwa, Ummy."

"Hapa wanakaa wanaopimwa."

Akakaa. Alisubiri kati ya bibi aliyefungwa jicho moja na dereva mwenye macho mekundu kwa vumbi, mpaka akaitwa. Chumba kilikuwa giza tii, kitambaa chake mwenyewe kimeziba madirisha yote. Aliyekuwa humo ndani ni Ummy tena.

"Sitara yuko wapi?"

"Anakabidhi mafaili. Jumamosi anaondoka."

"Anaondoka kwenda wapi?"

Kwa mara ya kwanza sauti ya Ummy ikapungua ukali. "Kwa hiyo hata sasa hujui. Kapata kazi Dodoma. Miaka miwili. Barua alikuwa nayo Jumapili, Azzam. Ilikuwa ndani ya mkoba. Si ulikuwa umeubeba wewe?"

Azzam alitoka bila kuaga. Akamkuta Sitara kwenye korido, koti jeupe, mafaili mpaka kidevuni.

"Ulikuwa uniambie lini?"

"Nilianza mara nne." Hakuweka mafaili chini. "Ya kwanza Saif. Ya pili Heriel. Ya tatu mkokoteni, huo nausamehe. Ya nne shangazi yako."

"Siku nne unatembea na barua unanifanya mimi mjinga!"

"Miezi saba natembea na wewe, Azzam, na sina pa kukuweka. Nikiulizwa nyumbani wewe ni nani, nasema nini? Muuza mapazia?"

Mlango wa pili ukafunguliwa, mtu akaita, "Sista!"

"Nina wagonjwa," Sitara alisema, akapita.

*

Shangazi Mauza aliishi ghorofa ya tatu, Mtaa wa Mkunguni. Mchana ule ule Azzam alimkuta anachambua mchele kwenye ungo, miwani puani. Azzam alikaa mkekani chini yake kama alivyokuwa akikaa utotoni, na hakuzunguka.

"Shangazi, yule wa Jumapili hakuwa mteja."

"Sasa hilo ndilo limekupandisha ngazi zote hizi?" Aliendelea kuchambua. "Mteja gani anabebewa mkoba wa kike na muuza mapazia kutoka Congo mpaka Sikukuu? Watu watatu walishanipigia kabla sijakufikia, wakanitajia mpaka baba yake."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nakupa nafasi! Nilisimama pale miguu inaniuma, jua la utosi, namngoja mtoto wa kaka yangu aseme neno moja la kiume. Nikafikiri, leo atanitajia jina. Ukanitajia neti."

Azzam aliinamisha kichwa. Bi Mauza akaweka ungo pembeni.

"Uliogopa nini? Kwamba baba yake fundi? Kwamba si wa kwetu? Watasema, ndiyo. Saif atanuna wiki mbili. Mimi mwenyewe ningeuliza ukoo wake, ndiyo kazi ya shangazi. Lakini kuuliza si kukataa. Wewe umetukatalia kabla hatujaulizwa, halafu ukamvunjia heshima binti wa watu mbele yangu, nami nikashindwa hata kumwambia pole." Akavua miwani. "Unampenda au unapitisha muda?"

"Nampenda."

"Basi nenda kwao. Kasikilize kwanza, maneno yako yaje baadaye. Na hiyo simu niachie hapa."

Akanyoosha kiganja. Azzam akaiweka, ikaanza kutetemeka humo humo mkononi mwa shangazi. Alikuwa Saif. "Nitaongea naye mimi," Bi Mauza alisema. "Nenda."

*

Ilikuwa baada ya alasiri Azzam alipofika Buguruni. Aliulizia, akaonyeshwa gereji ya springi iliyoko mbele ya nyumba yenye mabati mekundu. Chini ya lori palitokeza miguu miwili yenye makobazi. Vijana kama sita walikuwa wanagonga vyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," miguu ikajibu. "Gari gani?"

"Sina gari, mzee."

Mzee Bakili akajisukuma nje, uso una grisi, nyundo mkononi. Azzam alikuwa ametoka Kariakoo na hotuba kichwani. Yote ikamtoka. Yakabaki maneno machache, nayo akayasema kwa sauti, kwa sababu vyuma vilikuwa vinapiga kelele. "Naitwa Azzam! Nampenda binti yako Sitara! Nimemkosea, nimekuja kumwomba radhi!"

Nyundo zote zikanyamaza kwa pamoja. Mama muuza maandazi ng'ambo ya barabara akasimama kabisa ili asikie vizuri.

Mzee Bakili akafuta mikono kwa tambara. "Radhi anayo yeye, yuko uani anapanga begi. Mimi niache na springi yangu." Kisha, Azzam akiwa ameshageuka: "Kijana. Na mlango wa mbele ndio huo. Usizunguke nyuma."

Uani wapangaji walikuwa wanafua na kupika. Sitara alikuwa ameketi kwenye kigoda, dera la maua, nywele zimefungwa kwa kanga, begi wazi mbele yake. Alikuwa ameshasikia, mtaa mzima ulisikia.

"Kaa," alisema. Akamsogezea ndoo iliyofunikwa. Azzam akaketi juu ya ndoo na shati lake la pasi.

"Sema wewe kwanza," Azzam akasema. "Sina simu. Shangazi kaichukua."

Sitara karibu acheke, akajizuia. "Nilifikiri unanionea aibu. Rangi yangu, baba yangu, Buguruni. Nililala siku tatu najitazama upya, Azzam. Mimi! Ninayewaambia watu kutwa nzima kwamba macho yao hayana tatizo."

"Si wewe niliyekuonea aibu."

"Basi nani?"

"Nilijua nikitaja jina lako pale, kabla ya magharibi ukoo mzima utaniuliza posa lini. Na mimi mpaka leo naambiwa na kaka yangu nifunge duka saa ngapi. Nikaogopa. Ilikuwa rahisi kuwa na wewe bila kuulizwa kitu."

"Rahisi kwako."

"Kwangu mimi, kweli. Kwako haikuwa."

Jirani mmoja, mama Nasra, alikuwa anasuuza shuka lile lile kwa mara ya tatu, sikio limegeuka. Sitara alikunja blauzi, akaikunjua, akaikunja tena. "Nami nilikosea. Ningeweza kukwambia kwenye simu Alhamisi. Nilitaka uone mwenyewe usoni kwangu kwamba kuna kitu, uniulize. Nikakutega."

"Ningeona, kama ningetazama."

"Ungetazama saa ngapi, na Heriel yule?"

Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi chenye uchungu ndani yake. Kisha Azzam akasema, "Nilipotoka kwa shangazi nilikuwa nije nikuombe usiende. Nilipofika hapo kituo cha Malapa nikaona sina haki hiyo."

"Ungeniomba ningekumwagia maji ya ndoo unayokalia."

"Basi nenda. Lakini nataka kukuoa, Sitara."

"Hivyo tu? Katikati ya sufuria na shuka la mama Nasra?"

"Nikisubiri mahali pazuri nitachelewa tena."

Sitara alimtazama. Alikuwa anampenda na bado ana hasira naye, na hasira ile hakutaka kuifukuza kabla ya wakati wake. "Leo sitakujibu. Lete watu wako waje wakae hapa sebuleni kwetu, wamwombe baba yangu. Na mimi niulizwe mbele yao. Kwa jina langu."

Jumamosi akapanda treni kwenda Dodoma. Azzam alimbebea mabegi mpaka mwisho wa mahali wanaporuhusiwa wasindikizaji. Hakujibiwa kitu siku ile pia.

*

Watu walikwenda Buguruni Jumapili ya tatu tangu Sitara aondoke: Shangazi Mauza na manukato yake, Saif ambaye wiki mbili zake za kununa zilikuwa hazijaisha vizuri, na jirani yao Mzee Nurdin kama mshenga, na barua ya posa ndani ya bahasha nyekundu. Azzam alibaki Kariakoo kwa mujibu wa desturi, akipima dirisha lile lile mara nne.

Barua ikasomwa, soda zikanywewa. Mzee Bakili akasema, "Nyumba hii binti huulizwa mwenyewe." Akapiga simu.

"Halo? Sitara?"

"...ba... sikii..."

Ikakatika. Akapiga tena. Ikaita, ikapokewa, ikakwama. Mzee Nurdin akashauri simu iwekwe dirishani. Ikawekwa dirishani.

"Watu wa Azzam wamekuja! Unamkubali?"

"Azimio? Azimio gani, baba?"

Ikakatika. Shangazi Mauza akaanza kujipepea kwa bahasha ya posa. Hatimaye Saif aliinuka kwa hasira, akaitwaa simu, akatoka nayo nje akiwa ameiinua juu kama anayetafuta mwezi wa mfungo. Alipita gereji, akapanda juu ya rundo la springi chakavu na suruali yake ya kadeti. "Hapa! Hapa upo! Njooni!" Wazee wote wakatoka, wakasimama kuzunguka vyuma, mikono migongoni.

Dodoma, Sitara alikuwa kwenye zoezi la kupima macho uwanjani, foleni ya watu kama sitini, babu mmoja ameketi mbele yake na fremu ya chuma usoni. Safari hii sauti ya baba yake ilikuja safi kabisa, kila neno.

"Sitara binti Bakili. Azzam ameleta watu. Shangazi yake yupo hapa, kaka yake yupo hapa. Wanakuuliza wewe. Unamkubali, humkubali?"

Alikuwa amepanga kujibu kwa utulivu, kama binti aliyefunzwa. Lakini baa za mtandao zilikuwa zinashuka, mbili, moja, naye akaogopa kuchelewa.

"Namkubali!" alipiga kelele mpaka uwanja mzima ukageuka. "Baba, namkubali! Namkubali Azzam!"

Simu ikakatika. Mwanamke mmoja kule nyuma ya foleni akapiga kigelegele, wengine wakadaka. Sitara alisimama na simu mkononi, hajui kama wamesikia. Akajaribu kupiga, haikuenda. Akajaribu tena. Mwisho ukaingia ujumbe, namba asiyoijua: "Tumesikia. Mpaka mama wa maandazi kasikia. Mimi Saif, shemeji yako."

Alifuta uso kwa mkono wa koti, akarudi kwa babu, akabadilisha lenzi upande wa kulia.

"Samahani, mzee wangu. Haya, sasa unaonaje?"

Babu alinyoosha shingo, akamtazama vizuri.

"Naona unalia," akasema. "Miwani nipe hii hii."